Kaunta Tupu: Kabati Lapiga Chafya

"Chaaa!"

Kabati lilipiga chafya.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita. Kama hukuwepo, vuta kiti, hukukosa kitu ila heshima ya familia moja. Mama Kaunta, jina alilobandikwa na majirani tangu akarabati jiko lake likawa jeupe pe kama wodi mpya, alikuwa amesimama jikoni humo mbele ya Madamu. Madamu ndiye mwenye zile nyumba za wageni, na alikuja kwa jambo moja: kuona kama Mama Kaunta anafaa kupewa kazi ya kusimamia majiko yake yote.

Na kazi aliitaka. Tangu bohari ya dawa alikokuwa mtunza stoo ifungwe, Mama Kaunta alikuwa mtu wa kuamka asubuhi na kuikagua kaunta yake, kisha kuikagua tena.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Ndipo kabati refu la kona likapiga chafya.

"Kabati lako lina mafua?" Madamu akauliza.

"Ni mimi huyo," Mama Kaunta akajibu, akapiga chafya ya kusingizia, nyembamba, ya mtu ambaye kwake hakuna vumbi.

Madamu akatikisa kichwa. "Hiyo yako ni ya kike, dada. Ile ya kwanza ilikuwa na masharubu."

Mama Kaunta akarudi kinyumenyume, akaubana mlango wa kabati kwa mgongo ili usifunguke.

Kosa!

Milango ya makabati yale haikuwa na vishikio. Kishikio ni kelele za macho, ndivyo alivyofundisha yule mama wa video za kwenye simu ambaye Mama Kaunta humsikiliza kuliko mumewe. Milango ya kisasa haivutwi. Unaibonyeza kidogo, ukiiachia inafunguka yenyewe. Na Mama Kaunta aliibonyeza kwa uzito wake wote.

Alipojaribu kusimama wima, tk!

Mlango ukafunguka taratibu, kama pazia la ukumbini. Akatoka mwanamume mwenye tai shingoni, soksi miguuni, kipande cha mkate wa siagi mdomoni na chupa ya chai kwapani.

Alikuwa mume wake.

Huyu ndiye Klachi, mwalimu wa udereva, aliyeaga asubuhi kwamba anakwenda kazini. Msiniulize mtu mzima alienea vipi humo. Kabati lilikuwa tupu! Makabati yote yalikuwa matupu. Angetaka, angelala na godoro.

"Nani huyu?" Madamu akauliza.

Mama Kaunta akafungua mdomo. Mumewe akamtangulia.

Klachi akaushusha mkate. "Mimi fundi, Madamu."

"Fundi mwenye tai?"

"Fundi wa makabati ya kisasa. Enzi za makabati ya zamani tulikuwa tunavaa ovaroli."

"Na viatu?"

"Viatu vinakwaruza."

"Na mkate?"

"Napima joto," Klachi akasema bila kupepesa macho. "Siagi ikiyeyuka, ujue kabati lina joto. Kabati likiwa na joto, mbao zinajikunja. Hii hapa, tazama mwenyewe, siagi imetulia."

Madamu akainama, akaitazama ile siagi. Kweli ilikuwa imetulia.

"Ajabu," akasema. "Mimi mafundi wangu wakishalipwa hata simu hawapokei. Wako anaingia ndani ya kazi yake na kukaa humo! Dada, umempata wapi?"

"Tumejuana siku nyingi," Mama Kaunta akajibu, na jicho alilomtupia fundi lilikuwa jicho la kesi inayosubiri mgeni aondoke.

Madamu akaanza kuzunguka. Akabonyeza kabati la kwanza. Tupu. La pili, sahani moja nyeupe imesimamishwa kama picha ya marehemu. Akavuta droo: uma mmoja. Juu ya kaunta palikuwa na bakuli la ndimu, nzuri, zinang'aa, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuruhusiwa kukamua hata moja.

"Mwiko uko wapi?"

"Kinachoonekana ni kelele, Madamu. Sisi hapa tumechagua utulivu."

"Na njaa?"

"Njaa nayo ukiipangia inatulia."

Madamu akacheka. Akicheka mtu wa namna hiyo, jua kazi iko mlangoni inabisha hodi. Mama Kaunta akauona mshahara. Akajiona akitoka nyumbani asubuhi na mkoba begani, majirani wakimwuliza, "Unakwenda wapi?" naye akiwajibu kwa haraka za makusudi, "Kazini, jamani, nimechelewa!"

Mlango wa nyuma ukafunguka kwa teke.

"Wewe mwanangu!" ikaita sauti. "Ile chupa ya chai umeipeleka wapi?"

Alikuwa Mama Mkwe, mwiko mkononi, mchuzi wa maharage ukidondoka kutoka kwenye mwiko, tone moja, kwenye vigae vyeupe.

Mama Kaunta alilitazama lile tone kama mtu anayetazama gari lake likiingia mtoni.

"Fundi ni mwanao?" Madamu akauliza.

"Mama huwaita wote mwanangu," Mama Kaunta akadakia. "Wa maji mwanangu, wa umeme mwanangu. Hata wale wanaokuja kukata umeme. Mama, njoo kidogo huku, tafadhali."

Akamvuta mpaka nyuma ya friji. Mkijua kwamba Mama Mkwe ameuza vyombo sokoni maisha yake yote, na hakuna mteja aliyewahi kuondoka pale na bei aliyoitaka, mtamhurumia Mama Kaunta.

"Mama, naomba. Mbele ya yule mgeni, huyu ni fundi. Nikipata kazi nitakueleza."

Mama Mkwe akampangusa mkwewe bega, ingawa bega halikuwa na kitu. "Kabati moja," akanong'ona.

"Nini?"

"Vyangu vyote umevitupa nje. Nataka kabati moja humu ndani."

"Droo, Mama."

"Kabati. Lile la juu ya sinki."

"Droo mbili!"

"Nikamsimulie siku niliyomzaa fundi? Ilikuwa siku ya mvua…"

"Kabati! Chukua kabati."

"Na makopo yangu ya aiskrimu."

Mama Kaunta akashika friji. Makopo yale! Hayajaona aiskrimu tangu yaingie katika familia. Kuna la vitunguu, la sindano na nyuzi, la vifungo, la misumari, na moja ambalo hakuna ajuaye lina nini kwa sababu halifunguki. Yalikuwa mengi kiasi kwamba Mama Mkwe akija kukaa, makopo yanakuja kwa safari yao ya pili.

"Yote?"

"Na vifuniko vyake."

"Vifuniko havilingani na makopo, Mama!"

"Ndoa ngapi hazilingani, mwanangu, na zimefungwa?"

Wakatoka nyuma ya friji wakitabasamu, wameshikana mikono.

"Haya, fundi mwanangu," Mama Mkwe akasema kwa sauti ya mahakamani, "umemaliza kupima mkate?"

Hatari ikapita. Mama Kaunta akashusha pumzi. Akaufuta ule mchuzi kwa kidole cha mguu.

Ndipo Madamu akavuta kiti pekee kilichokuwemo, akaketi, akasema neno dogo tu.

"Nichemshieni chai."

Mama Mkwe akaangalia mlango wa nyuma.

"Hapa hapa, niangalie," akaongeza. "Napenda kumwona mtu akiwa jikoni kwake. Cheti hakichemshi maji."

Wasomaji wangu, sasa niwape siri ambayo familia ile ilikuwa ikiificha hata kwa majirani. Jikoni mle hamjawahi kupikwa. Si wali, si yai, si maji ya kuoga. Mtungi wa gesi ulikuwa mwekundu, na wekundu wake, alisema Mama Kaunta, ulikuwa unapiga kelele. Akautoa nje. Mtungi ulipotoka, sufuria zikaufuata. Sufuria zilipotoka, sahani, vijiko, chumvi na Mama Mkwe vikafuata. Familia ikawa inapika kwenye banda la nyuma, karibu na kamba ya nguo, ili jiko jipya lisichafuke kwa kupikiwa.

"Chai," Mama Kaunta akarudia, kama mtu anayejifunza neno la kigeni. "Naam. Fundi, hebu… nenda kwenye vifaa vyako. Unisaidie kile kitu."

"Kitu gani?"

"Kile cha moto moto!"

Akamsindikiza mpaka mlango wa nyuma, na hapo akamkamata tai.

"Sasa sema. Ulikuwa unafanya nini ndani ya kabati langu saa za kazi?"

Klachi akaangalia soksi zake. "Kazi haipo."

"Haipo vipi?"

"Wamenifukuza. Kijana wa mwenye chuo aliniuliza kama atafaulu mtihani. Nikamwambia kipaji chake kiko kwenye kutembea kwa miguu."

"Lini hiyo?"

"Wiki ile yalipofungwa makabati."

Mama Kaunta akaiachia tai. Kila asubuhi alikuwa akimfungia mkate, akimsimamia mlangoni, akimpungia mkono! "Na ukishaaga?"

"Nazunguka, naingia kwa dirisha la choo."

"Nyumba yote hii, ukaenda kukaa kabatini?"

"Ningekaa wapi?" Klachi akanong'ona kwa uchungu wa kweli. "Chini ya kitanda kuna sufuria. Kochi limekaliwa na blenda. Bafuni sahani. Lile kabati ndilo mahali pekee katika nyumba hii pasipo na vyombo vya jikoni!"

Hapo ndipo Mama Kaunta alipoelewa. Hakuna mshahara wa mume wa kuegemea. Kama Madamu ataondoka bila kumpa kazi, nyumba yote itakuwa nyeupe na safi na haina kitu, mpaka ndani ya mfuko.

"Leta chai," akasema. "Kimbia."

Akarudi jikoni na tabasamu la kuazima. Akasimama dirishani, mikono nyuma, akimweleza Madamu habari za utulivu, za pumzi, za kaunta kama uwanja wa ndege wa roho. Huku nyuma dirisha likafunguka. Mkono ukaingia. Mkono ukampa kikombe. Mkono ukatoka, ukarudi na kisosi.

"Karibu chai!" Mama Kaunta akasema, akakiweka mbele ya mgeni.

Madamu akakitazama kikombe. Kilikuwa kinafuka moshi. "Sikusikia hata birika."

"Jiko langu halipigi kelele."

"Wala sikuona moto."

"Moto wa kisasa, Madamu, hauonekani."

"Na yule anayetupungia kijiko dirishani?"

Mama Kaunta hakugeuka. "Upepo."

Madamu akainuka. Akaenda kwenye jiko la gesi, lile zuri la kioo cheusi, akakizungusha kitufe. Tk. Tk tk. Tk tk tk tk. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kioo. Kitu kikainuka. Akakivuta, kikatoka kirefu, chwaaa, kama ngozi ya nyoka: ile nailoni ya dukani.

"Dada," akasema polepole. "Hili jiko halijawahi kuchemsha hata maji."

Mama Kaunta alikuwa na uongo mwingine tayari, tena mzuri. Lakini kuna hali mtu unafika, hata uongo unakuwa mzito kuubeba.

"Ndiyo, Madamu. Halijawahi."

"Kwa nini?"

"Likipika litachafuka."

Madamu akamtazama, akatazama ndimu, akamtazama tena. "Basi nionyeshe mnapoishi."

Mama Mkwe, ambaye sikio lake lilikuwa limebaki mlangoni muda wote huo, akajitokeza kama kiongozi wa msafara. "Pita huku, mama. Angalia kichwa."

Wakapita kwenye korido, na korido ikasema yote. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, masufuria yakichungulia chini ya kitanda kama mbwa walioadhibiwa. Bafuni, beseni la kuogea limejaa sahani mpaka bombani. Sebuleni, blenda imefunikwa khanga, imekalishwa kwenye kochi kama shangazi aliyekuja kupumzika. Kelele zote zilizofukuzwa jikoni zilikuwa zimehamia huku na kufungua matawi.

Mama Kaunta alitembea nyuma kama mshtakiwa.

Bandani, meko ilikuwa inawaka, maharage yanatokota, na Madamu akapewa kreti lililogeuzwa akalie. Akanywa chai yake. Akaongezewa. Klachi ndiye aliyemimina, na wakati huo huo, bila kugeuza shingo, mkono wake wa kushoto ukarudi nyuma ukachomoa sukari kwenye rafu, ukarudi tena na kijiko, ukashusha kifuniko cha maharage, ukakipachika kwenye msumari wake.

"Fundi," Madamu akasema, "mbona unalijua banda hili kama mfuko wako?"

"Fundi gani tena, mama!" Mama Mkwe akaangua kicheko. "Huyo mwanangu wa kumzaa, mume wa huyu hapa. Msumari anaujua kwa kuukanyaga. Mimi napika, yeye ndiye anayeosha na kupanga."

"Mama!" Mama Kaunta akalia. "Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana jikoni. Hapa si jikoni, si ulisema mwenyewe? Tena mbele ya mashoga zako: 'Kule nyuma si jikoni, ni banda tu.'"

Madamu hata hakukasirika. Alikuwa anautazama ule mkono wa kushoto. "Umejifunzia wapi kupanga hivi?"

"Kwenye gari," Klachi akasema. "Wanafunzi nawaambia, macho barabarani, mkono ujue wenyewe gia ilipo. Hapa macho kwenye chungu. Chumvi ndiyo gia ya kwanza, naiweka karibu."

"Una kazi?"

"Nilikuwa nayo."

"Unayo," Madamu akasema, akasimama, akakung'uta sketi. "Kazi nimempa huyu."

Jamani!

Mama Kaunta alisimama pale kama aliyenyang'anywa kiti akiwa amekwisha kuinama. "Madamu, ile ni kazi yangu. Mimi ndiye niliyekuita."

"Uliniita nikatazama kaunta. Kaunta nimeiona. Mimi natafuta mtu wa jiko." Akamgeukia Klachi. "Nina wageni wanaosubiri chakula. Vaa viatu, gari liko nje, twende sasa hivi."

Mume na mke wakatazamana juu ya mvuke wa maharage.

"Nitakataa," Klachi akasema kwa sauti ya chini.

"Ukatae tule nini? Nailoni?"

"Basi nisemeje, mke wangu?"

Mama Kaunta akaitazama ile rafu. Aliposema, hakuwa tena mwanafunzi wa yule mama wa kwenye simu. "Kule stoo, tangu nafungua mlango mpaka nafunga, watu walikuwa wananiuliza kitu kiko wapi. Dawa ya macho iko wapi, pamba iko wapi. Nami nawajibu bila kuinuka. Tangu pafungwe, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu kiko wapi. Ndiyo maana nikaona bora pasiwe na kitu."

Mama Mkwe akauchukua mwiko wake. Akakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

"Wageni wangu wana njaa," Madamu akakumbusha akielekea kwenye gari, na Mama Kaunta akamfuata nyuma, hana hata habari kwamba anamfuata.

Klachi akakimbilia ndani. Sauti za masufuria zikaanza. Kang! Kong! Kitu kikabiringika korido nzima. Kisha dirisha la chumbani likafunguka kwa ghafla.

"Mke wangu! Viatu vyangu viko wapi?"

Mama Kaunta hakufikiri hata kidogo. Midomo yake ilijibu kama iliyokuwa ikisubiri swali hilo siku zote.

"Ndani ya sufuria kubwa, chini ya kitanda, upande wa ukutani! Utoe kwanza kikaango, halafu sanduku la pasi, halafu ile trei ya keki. Kiatu cha kushoto kina chujio ndani, usikikanyage!"

Madamu, mkono mlangoni mwa gari, akasimama.

"Kisu cha mkate kiko wapi?" akauliza.

"Nyuma ya picha ya harusi."

"Mbuzi ya nazi?"

"Kabati la nguo, chini ya koti la mvua, kichwa kimeelekea dirishani."

"Kinu kidogo?"

"Kwenye kiti cha mtoto cha baiskeli. Mchi wake uko kwenye mwavuli."

"Na vijiko vya chai?"

"Vijiko vipi? Vya wageni viko kwenye soksi ya kijivu. Vya kila siku viko bandani, nyuma ya sukari, ila kimoja kimeanguka chini ya kreti ulilokalia, nilikiona."

Madamu alimkazia macho. "Nyumba yote umeipindua juu chini, na unakumbuka kila kilipo?"

"Nimekuwa mtunza stoo, Madamu. Navitoa machoni, lakini kichwani haviondoki."

Ndani, kang! kong! "Sufuria ipi sasa?" Klachi akapiga kelele. "Humu kuna sufuria sita!"

Mama Kaunta hakumjibu. Alizunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akaketi, akafunga mkanda.

"Mume wangu anaweza kupanga banda moja," akasema akitazama mbele. "Wewe una majiko mangapi?"

Madamu akasimama nje, funguo mkononi, akifikiri. Kisha akaingia, akawasha gari.

"Wiki ya majaribio," akasema. "Na ukiniambia tena habari ya kelele za macho, nakushusha njiani."

Gari likaanza kurudi nyuma. Na hapo, kupitia dirisha lile la jikoni, Mama Kaunta akaona kitu kilichomfanya ashike mkanda kwa mikono miwili.

Mama Mkwe alikuwa ndani. Kifua kimejaa makopo ya aiskrimu, kidevu kikiyashikilia ya juu. Akayapanga kwenye kaunta nyeupe, moja, moja, kwa furaha ya mtu anayerudishiwa shamba lake. Akatoka. Akarudi anavingirisha mtungi mwekundu.

"Simama!" Mama Kaunta akapiga kelele.

Madamu akakanyaga breki. Akaangalia alikoangalia mwenzake. "Ukishuka," akasema kwa upole, "usipande tena. Wageni hawatasubiri vita vyenu."

Mkono wa Mama Kaunta ulikuwa tayari kwenye mlango wa gari. Kule ndani Mama Mkwe alikuwa anazikamua ndimu. Zile ndimu!

Akafumba macho. Akateremsha kioo.

"Mama!" akaita.

Mama Mkwe akaganda, ndimu mkononi.

"Makopo makubwa yakae chini, madogo juu! Na mtungi mwite Klachi akufungie, usijifungie mwenyewe!"

Akapandisha kioo, akafuta jicho moja. "Twende, Madamu. Twende haraka kabla sijabadili mawazo."

Waliondoka. Klachi akatoka mbio mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, chujio kichwani, na akabaki pale akiwapungia, hajui kama amepata kazi au amepata mke mwenye kazi.

Njiani Mama Kaunta alikuwa mtu mwingine. Aliuliza rafu zina kina gani, unga unakaa wapi, nani anapokea mboga. Madamu alijibu yote. Lakini kadiri walivyokaribia, majibu yakawa mafupi, na alipokata kona ya mwisho akapunguza mwendo kama mtu anayependa taa zimzuie.

"Kuna jambo sikukwambia," akasema. "Waliokutangulia hawakushindwa kazi. Walifukuzwa."

"Uliwafukuza wewe?"

"Ingekuwa mimi! Mimi mwenyewe sijaingia katika jiko hili tunalokwenda tangu niolewe. Lina mwenyewe."

"Nani?"

Madamu akameza mate. "Mama mkwe wangu."

Gari likaingia getini. Mbele ya mlango wa jiko alikuwa amesimama bibi mmoja mfupi, aproni imekazwa, mikono imefungwa kifuani. Wageni walikuwa wamejazana uani na sahani tupu. Hakuna aliyethubutu kumkaribia. Bibi aliliona gari, akaona ndani yake kuna mtu mgeni, akageuka bila haraka, akauvuta mlango wa jiko, akapachika kitu kikubwa cha chuma, akakibana, kacha!

Akatumbukiza ufunguo kifuani.

"Ile kufuli," Mama Kaunta akanong'ona, "huwa anaifunga wakija wageni tu?"

Madamu alikuwa amekwisha kuzima injini. Hakushuka.

"Sijui," akasema. "Ile ni mpya."